Rangi ya alama haitaji jina la mhudumu

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 84 na anaishi kwenye makao ya wazee. Nimemkuta na alama za kuvilia damu mikono yote miwili, juu ya kiwiko. Meneja anasema ni uzee tu. Nilimtumia picha mtu anayejiita mpelelezi wa kesi za wazee. Kwa ile rangi ya manjano akasema alama zina siku sita, na siku hiyo zamu ilikuwa ya mhudumu fulani. Nimlalamikie huyo?

JIBU: Marahaba. Andika malalamiko, tena leo, ila jina la mhudumu liache. Na huyo mpelelezi kama hujamlipa, usimlipe.

Hizi hesabu za rangi zimenichosha. Ni kweli, mwili huvunjavunja polepole damu iliyovuja chini ya ngozi, ndiyo maana alama hugeuka zambarau, kijani, manjano. Uongo huanza mtu anapoifanya rangi kuwa kalenda. Alama mbili za saa ileile, kwa mtu yuleyule, zinaweza kuwa na rangi tofauti. Kina cha jeraha, rangi ya ngozi, umri, dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, vyote huingilia. Damu yenyewe huteremka: mzee hugonga paji la uso, weusi ukatokea chini ya macho. Hapo nasema alama inayotazamwa ana kwa ana, sembuse picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya chumbani! Daktari makini hatakutajia siku. Anayekutajia siku na zamu yuko sokoni.

Meneja naye asijifiche nyuma ya uzee. Ngozi ya wazee huvilia damu kirahisi, hasa nyuma ya kiganja na chini ya kiwiko. Juu ya kiwiko, mikono yote miwili, ndipo watu hushika. Kwa hiyo uliza mama anainuliwaje kitandani. Huenda ni ukatili. Huenda pia mhudumu mmoja anamwinua peke yake ilhali mpango wa huduma wa mama unataka wawili.

Daktari amkague mwili mzima, aandike mahali na ukubwa wa kila alama. Mkiwa wawili tu, muulize mama, "Mkono umefanyaje?", si "Nani amekuumiza?" Akionyesha kumwogopa mtu, nenda polisi. Barua yako ieleze ulichokiona, iombe orodha ya zamu, kumbukumbu za kila siku, chati ya dawa na ripoti za matukio zihifadhiwe, na nakala iende kwa mamlaka inayotoa leseni. Karatasi hizo husema mengi: nimeshasoma "amelala vizuri" kwa wino mmoja wiki nzima, hata usiku ambao mkazi alikuwa amelazwa hospitali.

Wauza uhakika ni wengi: wa kamera za siri zisizoulizwa sheria, wa kusambaza picha za wazee nusu uchi kwenye magrupu, wa kukudaia fidia ili wakate asilimia yao. Familia huwakimbilia kwa sababu wanajibu haraka. Nimeona malalamiko ya haki yakiporomoka kwa kuwa barua nzima ilisimama juu ya siku iliyotajwa na mtu kama huyo. Mhudumu akathibitisha kwamba siku hiyo alikuwa likizo, faili likafungwa, na hakuna aliyerudi kuuliza alama zilitoka wapi.