Bei ya Fundi wa Injini: Nitajuaje Kwamba Ni ya Haki?

SWALI: Ndugu mshauri, gari langu la petroli lilichemsha mara mbili katika wiki moja. Nililipeleka gereji, fundi akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakuta povu jeupe na kusema kwamba injini imekwisha na ni lazima ifumuliwe yote. Amenipa karatasi yenye mstari mmoja tu, “kufumua injini, spea na ufundi”, na chini yake jumla inayokaribia theluthi moja ya thamani ya gari. Fundi wa pili, aliyenisikiliza kwa simu, anasema tatizo ni gasketi ya silinda hedi peke yake, na bei yake haifiki nusu ya ile ya kwanza. Mimi si mtu wa mashine. Nani kati yao anasema kweli, na nitajuaje kwamba siibiwi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa haya uliyoyaeleza bei zote mbili bado haziwezi kuhukumiwa, kwa sababu hakuna fundi aliyeipima injini yako. Wa kwanza ametazama kifuniko na wa pili amesikiliza simu. Watu wengi hukimbilia kulinganisha jumla za chini ya karatasi, ilhali hasara kubwa katika kazi za injini hutokana na kulipia kazi ambayo gari halikuihitaji, hata kama kazi hiyo yenyewe ilitozwa kwa bei ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kuuliza “kwa nini ni ghali?”, uliza “umejuaje kwamba ndiyo kazi inayotakiwa?”

Povu jeupe chini ya kifuniko ni dalili, lakini si ushahidi wa kutosha. Gari linalokwenda safari fupi fupi wakati wa baridi huweza kukusanya unyevu hapo juu na kufanya povu bila injini kuwa na kasoro yoyote. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili yenyewe imegeuka kama chai ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, shaka ya gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya bloku ya injini na hedi inayozifunika silinda kwa juu, inakuwa na uzito zaidi. Hata hapo, bado hujaambiwa chochote kuhusu pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, ringi zinazozizunguka, wala beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yaani vile vitu ambavyo ndivyo humlazimisha mtu kufumua injini yote.

Kipimo cha kudai ni cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Plagi zote hufunguliwa, geji hufungwa kwenye tundu la silinda moja baada ya nyingine, starta huzungusha injini, na namba ya kila silinda huandikwa. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 150 na 200, ingawa kiwango halali ni kile kilichomo katika kitabu cha mtengenezaji wa injini hiyo, na usawa kati ya silinda na silinda una maana kubwa kama namba zenyewe. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini huku nyingine zikiwa vizuri, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Silinda ikiwa dhaifu, fundi hutia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena: namba ikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimelika, isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Kipo pia kipimo cha dawa ya rangi ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, ambayo hugeuka njano ikiwa moshi wa injini unapenya kwenye maji. Hakuna kati ya vipimo hivi kinachohitaji kushusha injini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi unayotakiwa kuilipia, na inafaa uilipe hata ikiwa hatimaye gari utalipeleka kwingine.

Fundi anayekataa kupima, au anayekasirika kuombwa namba, amekwisha kukujibu swali lako.

Majibu ya vipimo yakipatikana, omba makadirio yaliyochambuliwa. Kwa kazi ya gasketi ya silinda hedi, karatasi iliyo kamili itaonyesha spea kwa majina, kazi ya mashine (kuichonga hedi ikihitajika), oili na maji mapya, kisha ufundi. Gasketi yenyewe huwa sehemu ndogo ya gharama, kwa kuwa fedha nyingi huenda kwenye saa za kufungua na kufunga. Watengenezaji na wachapishaji wa vitabu vya ufundi hutoa saa za wastani kwa kila kazi na kila aina ya injini, na si kosa kumuuliza fundi amehesabu saa ngapi na kwa kiwango gani kwa saa. Kumbuka tu kwamba injini yenye silinda zilizopangwa kwa umbo la V ina hedi mbili, kwa hiyo bei aliyotozwa jirani yako mwenye injini ya silinda nne zilizosimama mstari mmoja haiwezi kuwa kipimo chako.

Hapa ndipo ninapomwonea shaka hata yule fundi wako wa bei nafuu. Hedi ya alumini iliyochemshwa hupinda. Ikishafunguliwa, huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na nafasi iliyo chini yake hupimwa kwa vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana. Katika injini nyingi kupinda kunakovumilika hakuzidi milimita 0.05 hadi 0.1, unene ambao jicho halitauona. Ikizidi, hupelekwa kwa wenye mashine ikachongwe, na kabla ya kuchongwa hukaguliwa kama ina ufa. Boliti za hedi nazo, katika injini nyingi za kisasa, hukazwa hadi zivutike kidogo, na mtengenezaji huagiza zisirudishwe. Ikiwa bei yake haina kupima hedi, haina boliti, na haisemi lolote kuhusu kilicholifanya gari lichemshe tangu mwanzo, iwe ni themostati, feni, wota pampu, rejeta iliyoziba au kifuniko chake kilicholegea, basi unafuu huo unatokana na kazi iliyopunguzwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena, na ufundi utaulipa mara ya pili.

Angalia pia ufundi unaotozwa mara mbili. Injini yenye mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu zifuatane na krenki, haiwezi kufunguliwa hedi bila mkanda huo kuguswa, na katika injini nyingi wota pampu iko papo hapo. Kuvibadilisha wakati huo ni busara, lakini ulipie spea na nyongeza ndogo tu ya kazi. Ukiona vimeandikiwa ufundi kamili kana kwamba gari limeletwa siku nyingine, hapo una haki ya kubishana.

Kuhusu spea, kila mstari useme kama ni halisi za mtengenezaji, za kampuni nyingine, au zilizokwisha kutumika, kwa sababu tofauti ya bei kati ya hizo huweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya fundi na fundi. Na vipimo vikithibitisha kwamba injini inahitaji kufumuliwa yote, uliza pia bei ya injini iliyotumika pamoja na dhamana yake kabla hujakubali.

SWALI: Mimi nimekwisha kukubali bei na injini iko wazi. Sasa fundi anasema amekuta mengine na bei imepanda. Nifanyeje?

JIBU: Inawezekana kabisa anasema kweli, maana kuna mambo yasiyoonekana mpaka injini ifunguliwe. Nenda gereji ukaone mwenyewe kabla hujaongeza fedha. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda: mkwaruzo unaoukwamisha ukucha ni kasoro ya kweli, lakini mistari myembamba inayopishana, iliyochorwa kiwandani, ikiwa bado inaonekana, kulika kwake ni kidogo. Beringi za krenki zikionyesha rangi ya shaba pale ambapo uso wake ulipaswa kuwa wa kijivu laini, zimefika mwisho. Kila nyongeza iandikwe kwenye mstari wake na bei yake kabla spea haijanunuliwa, na spea za zamani ubakiziwe. Ukiwa na shaka juu ya hedi, ichukue uipeleke mwenyewe kwa wenye mashine wengine wakaipime, kwa sababu ikishafunguliwa inabebeka, na jibu lao halitategemea mkoba wa fundi wako.