Burgundy ya bei ya kutupa: usilipe kabla hujaona risiti ya kwanza

Mkuu, hiyo hela usitume. Umeuliza kama mvinyo wa mwaka 2005 unafaa kunywewa sasa na kama bei ni nzuri, kisha ukasema dalali anataka ulipe kwanza kasha la Burgundy nyekundu, mvinyo wa mkoa wa Burgundy huko Ufaransa, ya mkulima mdogo wa kijiji cha Gevrey-Chambertin, nusu ya bei ya London, na alichokuonyesha ni picha za lebo. Picha za lebo! Lebo haikuambii chupa imelala wapi miaka yote hiyo.

Mimi nilinunua kasha la namna hiyo, kijiji hicho hicho, nikiwa Brussels. Muuzaji aliapa kuwa tangu litoke kwa mkulima halijawahi kutoka stoo ya chini ya ardhi. Lilipofika, kizibo cha chupa ya kwanza kilikuwa kimepanda juu ya mdomo wa chupa. Ukipitisha kidole juu ya ile kofia ya bati unakihisi. Kofia yenyewe imegandia, haizunguki, kwa sababu mvinyo ulivuja ukakaukia humo ndani. Nikamimina: umeshageuka kahawia, unanuka zabibu kavu zilizochemshwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nikaligeuza kasha, nikabandua utepe mpana uliopigwa ubavuni, na chini yake kuna kibandiko cha mizigo: Dubai, mwezi wa saba. Kiangazi cha kule joto linavuka nyuzi 40, na mvinyo kama huu unataka kulala kwenye nyuzi 12 mpaka 14. Ukipata joto unatanuka, unasukuma kizibo, ukipoa unavuta hewa ndani. Ukishafika hapo haurudi.

Nilipompigia yule tapeli akaniambia mvinyo "umekomaa". Umekomaa! Mtu aliyeficha kibandiko kwa utepe anataka kunifundisha kukomaa kwa mvinyo. Hela hakurudisha.

Na mnaowaambia watu kwamba chupa za wakulima wadogo ni salama kwa kuwa matapeli wanahangaika na majina makubwa tu, mnawaponza wenzenu. Mwaka 2008 huko New York zilipelekwa mnadani chupa za Clos Saint-Denis, mvinyo wa shamba la jina hilo Burgundy, zenye lebo ya Domaine Ponsot, watengenezaji mvinyo wa familia kijijini Morey-Saint-Denis, nyingine zimeandikwa 1945. Familia hiyo ilianza kutengeneza Clos Saint-Denis mwaka 1982. Laurent Ponsot, mkuu wa familia hiyo kwenye kazi wakati ule, ilibidi apande ndege mwenyewe, zikaondolewa mnadani. Aliyezipeleka, Rudy Kurniawan, alikuja kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014 kwa utapeli wa mvinyo bandia. Lakini katalogi ya mnada ilishachapishwa na kupita mikononi mwa watu wanaonunua mvinyo maisha yao yote.

Udogo wa shamba ndio unaowapa matapeli nafasi. Shamba la Romanée-Conti lenyewe, moja ya majina makubwa kabisa ya Burgundy, halifiki hekta mbili. Mkulima wa Burgundy anagawa chupa chache kwa mgao, mwaka hadi mwaka, kwa waagizaji wale wale na wateja wale wale. Wengine wote wanabaki kuwinda kwa madalali. Lakini mgao huo huo unakusaidia: kila chupa halali ina mnunuzi wa kwanza, na huyo alipewa risiti.

Kwa hiyo dai risiti ya kwanza, ya mwagizaji au ya mkulima, kisha karatasi za stoo zote zilizofuata. Mwandikie mwagizaji mwenyewe umuulize kama kasha hilo aliliuza yeye. Dai picha za shingo ya kila chupa dhidi ya mwanga, uone mvinyo umeshuka kiasi gani, na picha za kasha pande zote sita bila utepe. Akikwambia risiti ilipotea, au mwenye mali ni mzee mmoja asiyetaka kutajwa, achana naye hata akishusha bei tena. Hasa akishusha bei tena.

Muulize leo, na majibu yake yalete hapa kabla hujaenda benki.