Wasomaji Waulize: Neno «lord» na mkate uliofichwa ndani yake

Swali: Ndugu wahariri, nafundisha Kiingereza sekondari. Mwanafunzi amesoma mahali kwamba neno *lord* asili yake ni mkate. Nilimwambia huo ni uzushi. Je, nilimkosea?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako amesoma sawa. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi yapata mwaka 1100, mkate uliitwa *hlāf* na mlinzi aliitwa *weard*. Yaunganishe upate *hlāfweard*, mlinzi wa mkate, yaani mwenye ghala ambaye watu wote wa nyumba ile wanakula kwake. Umbo hilo kamili ni adimu sana katika maandishi. Limo katika tafsiri ya kishairi ya Zaburi, pale Yusufu anapofanywa bwana wa nyumba ya Farao, ambapo kwenye Biblia zetu ni Zaburi 105:21. Hapo limekaa mahali pake hasa, kwa kuwa Yusufu ndiye aliyeitunza nafaka ya Misri. Kwingineko waandishi wa kale wanaandika *hlāford*, neno likiwa limeshafupika.

Ushahidi mwingine uko kwa wale waliolishwa. Mtumishi aliyekula kwa bwana wake aliitwa *hlāfǣta*, mla mkate. Neno hili limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, ambazo ndizo sheria kongwe kuliko zote zilizobaki kwa Kiingereza. Aliyemuua mla mkate wa mtu huru wa kawaida alilipa dia ya shilingi 6. Kwa hiyo uhusiano wa bwana na mtumishi ulitajwa kwa chakula pande zote mbili: mmoja anautunza mkate, mwingine anaula.

Darasani, onyesha jinsi neno lilivyomomonyoka, maana hapo ndipo wanafunzi wanaposadiki. Kwanza, *h* iliyotangulia *l* ilidondoka, kama ilivyodondoka katika *hlūd* iliyozaa *loud*. Pili, *f* kati ya vokali ilitamkwa *v*, na baadaye *v* hiyo ikamezwa. Ndivyo *hēafod* ilivyopungua ikawa *head*, na *hafoc* ikawa *hawk*. Tatu, *ā* ndefu iligeuka kuwa aina ya *o*: *stān* ikawa *stone*, *hām* ikawa *home*. Pitisha *hlāford* katika milango hiyo mitatu, utapita kwenye *laverd* na *loverd*, ambazo zimo katika maandishi ya enzi za kati, hadi ufike *lord*. Silabi mbili zimekuwa moja. *Hlāf* yenyewe, iliyobaki peke yake, ikawa *loaf*. Wakati huo huo neno *bread* lilichukua kazi ya kutaja mkate kwa jumla, na *loaf* ikabaki kuwa mkate mmoja mzima uliookwa.

Swali: Na *lady* je? Nimeambiwa ni *lad*, kijana wa kiume, iliyoongezewa *y*.

Jibu: Hapana. *Lad* haionekani katika Kiingereza cha kale, ilhali *lady* ilikuwapo kwa umbo la *hlǣfdige*. Nusu ya kwanza ni mkate uleule. Nusu ya pili inatokana na mzizi wenye maana ya kukanda, uliozaa pia *dough*, yaani unga uliokandwa. Maana yake basi ni mkandaji wa mkate. *Dairy* nayo ni ya ukoo huo, kwa sababu *dey*, mwanamke wa kazi za maziwa, aliitwa kwanza *dǣge*, mkandaji.

Tafadhali usilisome jina hili kama la mtumishi wa jikoni. *Hlǣfdige* alikuwa mwenye nyumba, aliyeamuru nani ale nini. Katika ufalme wa Wessex hata mke wa mfalme aliitwa hivyo. Na yupo Æthelflæd, binti wa Mfalme Alfred. Mumewe, Æthelred, alitawala Mercia kwa cheo cha *hlāford*. Alipofariki mwaka 911, mkewe alishika nchi akiitwa *Myrcna hlǣfdige*, Bibi wa Wamercia. Alijenga ngome, akautwaa mji wa Derby mwaka 917, akafariki Tamworth mwaka 918. Aliyepanga vita vile alibeba cheo chenye mkate ndani yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Swali: Natafsiri riwaya ya Kiingereza cha zamani. Kila penye *lord* naweka «bwana», lakini mhariri ananirudishia kazi. Tatizo liko wapi?

Jibu: «Bwana» inafuatana na *lord* kwa mwendo mrefu, pengine kuliko neno lolote la lugha nyingine. Zote mbili zimemtaja mume, tajiri wa kazi, na Mungu. Katika 1 Petro 3:6 Sara anamwita Ibrahimu *lord* kwa Kiingereza cha mwaka 1611, nasi tunasoma «bwana» bila kushtuka. Hata herufi kubwa zinalingana: tafsiri ile ya 1611 inaandika *LORD* mahali penye lile jina la Mungu la Kiebrania lenye herufi nne, na Biblia ya Kiswahili ya Union inaandika BWANA.

Njia zinaachana kwenye vyeo. Lord Nelson hawezi kuwa «Bwana Nelson», kwa kuwa kwetu «bwana» mbele ya jina ni heshima ya mwanamume yeyote, na hapo ukuu wake utakuwa umempokonya. Acha *Lord* ibaki kama sehemu ya jina. Bwana wa enzi za kati mwenye ardhi na watu wanaomlimia ni mwinyi. «Kabaila» pia inafaa, lakini ina lawama ya kisiasa ndani yake, hivyo itumie tu pale msimulizi mwenyewe anapolaumu. *Landlord* ni mwenye nyumba. Zamani, *landhlāford* alikuwa mwenye ardhi, kwa hiyo tazama tarehe ya hadithi kabla hujaamua. *Laird* ni *lord* kwa matamshi ya Uskoti, lakini ni mwenye shamba kubwa, wala si cheo cha ulodi. Mke anapomwambia mumewe *my lord*, «bwana wangu» inatosha kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni kuingiza mkate kwenye tafsiri kwa sababu umeshajua asili ya neno. Waingereza wa mwaka 1300 walikuwa hawausikii tena ndani ya *lord*. Asili inakueleza neno limetoka wapi, nawe unatafsiri maana iliyokuwa hai siku lilipoandikwa.

Swali: Je, *ladybird*, yule mdudu mwekundu mwenye madoa, ana uhusiano wowote?

Jibu: Anao. *Lady* hapo ni Bikira Maria. Kama ilivyo katika *Lady Day*, sikukuu ya Maria ya tarehe 25 Machi, *lady* ina maana ya «wa Bibi» bila *'s*, kwa sababu maneno ya kike ya aina hii hayakuonyesha umilikaji kwa *s* katika Kiingereza cha kale. Yalitumia kiishio *-an*, ambacho baadaye kilikatika.

Swali: Nitayatafutaje maneno haya mwenyewe, na yanatamkwaje?

Jibu: Kwa Kiingereza cha kale fungua kamusi ya Bosworth na Toller, na kwa enzi za kati ile ya Chuo Kikuu cha Michigan. Zote mbili zinasomwa bure kwenye intaneti. Anza na umbo la leo katika kamusi kubwa ya Oxford, nakili maumbo ya zamani yanayotajwa pale, ndipo uyafuate nyuma karne kwa karne.

Wengi hukwama kwenye herufi. *Hlāford* iko chini ya H, kwa hiyo ukiitafuta chini ya L hutaipata. Katika Bosworth na Toller, *æ* imepangwa kama *ae*, na *þ* na *ð* zina sehemu yao moja baada ya T. Zote mbili zinasomwa kama *th* au *dh* yetu. Mstari juu ya vokali unaonyesha urefu tu, na waandishi wa kale hawakuuweka. Wahariri wa baadaye ndio waliouongeza, hivyo usihangaike usipouona.

*Hlāford* tamka «hlaa-vord», ukiitoa pumzi ya *h* kabla ya *l*. *Hlǣfdige* ni «hlæv-di-ye»: *æ* iko kati ya *a* na *e* zetu, na *g* hapo ni *y*. Mkazo uweke kwenye silabi ya kwanza. Msemaji wa Kiswahili atavutwa kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukifanya hivyo hutaelewa kwa nini silabi za mwisho, zisizo na mkazo, ndizo zilizofifia hadi ikabaki *lady*.