Fundi mwenyewe yuko wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Kihonda, Morogoro. Nimemaliza umeme wa majumbani VETA mwaka jana. Nimekuwa saidia fundi kwenye nyumba kadhaa, na mbili nimezifunga mwenyewe chini ya mkandarasi mwenye leseni. Nikifika kwa mteja ananiangalia juu hadi chini, anauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Kisha, "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Kaka mmoja niliyesoma naye ananiambia nijibu saba, na stetasi niweke picha za kazi za watu. Sasa kuna baba anataka nimfungie mashine ya kusaga, mota ya fezi tatu. Sijawahi kuigusa. Nikisema ukweli kazi nitaikosa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo kaka yako tummalize kwanza. Ukisema miaka saba, maana yake ulianza kufunga nyumba ukiwa na miaka 16, umevaa sketi ya shule. Wateja wanajua kutoa na kujumlisha. Na hizo picha za watu, katika mji huu ambao mafundi wote tunanunua vifaa maduka yale yale? Fundi anaijua bodi yake ya breka jinsi anavyoujua mwandiko wake. Mwenye kazi ataiona tu, na atasema.

Mteja hana namna ya kupima unachokijua kuhusu umeme. Angekuwa nayo asingekuita. Anapima anachokiona, na mara nyingi hofu yake ni mbili: kuibiwa vifaa na kuachiwa kazi katikati. Mwonyeshe, basi.

Akiuliza fundi yuko wapi, jibu "Ni mimi, baba," halafu hapo hapo anza kuuliza wewe. Mnapikia gesi au umeme? Hita ya maji itakuwepo? Friji litakaa ukuta upi? Kuna pampu ya kisima? Anayeuliza habari za hita kabla ya kutaja bei, hata akiwa kijana, anasikilizwa. Miaka ya uzoefu itaje ilivyo, kwa kifupi: "Nimemaliza chuo mwaka jana, nyumba mbili nimefunga, wenyewe wameniruhusu nikupe namba zao." Waombe ruhusa kweli, usibahatishe.

Dukani nenda naye. Ukishindwa, mletee risiti na chenji yake. Waya ukifika, chuna ncha yake mbele ya macho yake ukwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ile feki ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukikwangua inang'aa nyeupe. Nimewaona wazee wabishi wakinyamaza kwa kukwanguliwa waya tu.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta wenye mabomba ya nyaya, ukiwa umesimamisha futi kamba ili urefu kutoka sakafuni usomeke. Mtumie mwenye nyumba. Siku akitaka kutundika kabati la jikoni atajua asitoboe wapi, na atajua nani alimwezesha kujua. Akikuruhusu, hizo ndizo picha za kuweka stetasi.

Ukimaliza, kabla ya kufunga taa na kuchomeka chochote, pima nyaya kwa mega ya volti 500, kile kifaa kinachopima kama plastiki ya waya inazuia umeme usivuje. Chini ya megaomu 1 hupiti. Kazi mpya iliyofungwa vizuri husoma mamia. Andika kila sakiti ilivyosoma, weka tarehe na jina lako, bandika nakala ndani ya mfuniko wa bodi. Breka nazo ziandike: JIKO, SOKETI SEBULENI, TAA NJE. Umeme ukishawaka mwite mama mwenye nyumba, azime ile ya TAA NJE kwa kidole chake aone inayozimika ni ya nje kweli. Habari za megaomu hatazielewa, sawa. Atazielewa fundi atakayefungua hiyo bodi baada yako, na mafundi tunasemana sana, kwa mabaya na kwa mazuri.

Nilipokuwa msimamizi wa mafundi kiwandani, vyeti nilivisoma mwisho. Nilikuwa nafungua boksi moja la swichi, lolote lile, naangalia skrubu imebana nini. Ikibana plastiki ya waya badala ya shaba, taa inaweza kuwaka vizuri leo, lakini pale pana mguso hafifu, panapata moto, na siku moja panaungua. Kijana aliyebana shaba sikumuuliza ana miaka mingapi.

Sasa mashine ya kusaga. Peke yako, hapana. Pale kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Ukibadilishana fezi mbili mota inazunguka kinyume; fezi moja ikikatika bila kinga iliyosetiwa sawasawa, mota ya watu inaungua. Tena leseni za ufungaji umeme EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inazitoa kwa madaraja, na kila daraja lina mpaka wake, kwa hiyo kazi hiyo lazima iwe ndani ya mpaka wa anayeisaini. Mwambie huyo baba: "Mashine ya kusaga sijawahi kufunga. Nitakuja na fundi anayezifunga, na mimi nitakuwepo mpaka iwake." Wapo watakaokukataa kwa maneno hayo. Huyu sidhani, maana alikujia akijua umri wako.

Huyo fundi mkubwa mtafute kupitia mkandarasi uliyefanya naye zile nyumba mbili. Mwombe uunganishe stata, yaani swichi ya kuwashia mota, wewe, yeye akague kila waya kabla ya kuwasha, na siku ya kuwasha mkanda wa mashine uwe umetolewa kwanza ili mjue mota inazungukia wapi. Kazi umeileta wewe, kwa hiyo una haki ya fungu lako, ila ni dogo kuliko lake. Mlitaje kabla hamjabeba ngazi.