Nashindwa kuomba tangu mama afariki

Dada, pole sana. Umesema tangu umzike mama ukipiga magoti maneno hayatoki, na unaogopa Mungu amekuchoka. Hapana, dada yangu. Nilipofiwa na baba nilikuwa nakaa kando ya kitanda, Biblia imefunguka mapajani, nisisome hata mstari mmoja.

Kilichonisaidia ni kuazima maneno. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina aya 6 tu, na inaanza kwa kulalamika "hata lini". Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado ni sala. Ukishindwa hata hilo, sema "Bwana, unihurumie", ulale. Eliya alipoomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akala, akalala tena. Kwa hiyo nawe ule, hata kidogo.

Anayekwambia machozi ni kukosa imani, usimsikilize. Yesu alimlilia Lazaro.

Ila hilo la kutolala wiki nzima na kutamani kumfuata mama, usiliache kwenye maombi peke yake. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, akusindikize kwa daktari. Mchungaji atakuombea huku unatibiwa.