Taa Nyeupe au ya Njano kwa Miche Inayokuzwa Ndani ya Nyumba

Wageni wanaoiona miche yangu hapa Mtwara huuliza kwa nini mtu wa pwani ya kusini, ambako jua la Oktoba husimama utosini, ahangaike kuwasha taa ili akuze nyanya na rehani. Jibu langu ni kwamba jua liko nje, na huko nje ndiko waliko kuku wa jirani, inzi weupe na mvua za Februari zinazofukua kitalu kwa usiku mmoja. Chumba changu cha uani kina dirisha moja linalotazamana na ukuta, hivyo mche usiopata taa hujipinda kuelekea dirishani na kurefuka kama ufito.

Nilikosea tangu siku ya kwanza dukani. Nilichagua balbu za njano zilizoandikwa 2700K kwa kuwa mwanga wake ulinikumbusha jua la asubuhi, nikaamini kwamba mmea nao ungeupenda. Baada ya wiki tatu miche ya nyanya ilikuwa na mashina marefu na membamba, jani moja likiwa mbali na jingine, na mingine ililala kila nilipoimwagilia.

Namba hiyo huitwa joto la rangi na hupimwa kwa kelvini. Jina lenyewe linapotosha, kwa sababu halielezi taa itapata moto kiasi gani. Linatokana na rangi ya kitu kinachochomwa. Chuma kwenye tanuri la mhunzi huanza kwa wekundu, kikizidi kupata moto huwa cha njano, na kama kingeweza kuendelea kuchomwa bila kuyeyuka kingefikia weupe wenye ubuluu. Ndiyo maana namba ndogo ni ya taa ya njano, na namba kubwa, kama 6500K, ni ya taa nyeupe ambayo wauzaji huiita mwanga wa mchana.

Kwa mmea ulio katika hatua ya kuotesha majani, tofauti hiyo ina maana. Mwanga wa buluu huuzuia mche usirefuke ovyo, hivyo shina huwa fupi na nene na majani hukaribiana, wakati taa ya njano ina wekundu mwingi na buluu kidogo. Kwa miche, mchicha, saladi na rehani ninashauri taa ya kati ya 5000K na 6500K. Ukiikosa, 4000K inafaa, wala usisafiri hadi Dar es Salaam kuitafuta nyingine. Taa za zambarau, zinazochanganya nyekundu na buluu, nazo hukuza mimea, lakini mimi siziwezi: huumiza macho, na chini yake huwezi kutambua jani linaloanza kuwa manjano.

Hata hivyo, sina haki ya kuitupia rangi lawama zote. Balbu zangu za kwanza zilikuwa darini, zaidi ya mita moja na nusu juu ya miche. Baadaye niliweka trei mbili chini ya taa za wati sawa na kimo sawa, moja ya njano na nyingine nyeupe; trei ya taa nyeupe ilitoa miche mifupi zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Kilichobadilisha mambo zaidi ni kuishusha taa. Kelvini hueleza rangi tu, haielezi wingi wa mwanga, na jicho letu hudanganyika kwa urahisi, kwa maana chumba tunachokiona kinang'aa kwa mmea ni kivuli kizito.

Sasa ninatumia tyubu mbili za LED za wati 18, zenye urefu wa sentimita 120, nilizozining'iniza kwa kamba sentimita 20 hivi juu ya majani, na ninazipandisha kadiri miche inavyokua. Ninaziwasha saa 14 kwa siku na kuzizima usiku. Wati 36 kwa saa 14 ni takriban nusu yuniti, yaani yuniti 15 kwa mwezi, hesabu ambayo ni vyema uifanye kabla ya kununua tyubu ya tatu.

Kuhusu taa ya njano ambayo hupendekezwa mmea unapofikia kuchanua, mimi sijawahi kuihitaji. Mvua zikipungua mwezi wa Aprili, miche huipeleka kwanza chini ya kivuli cha makuti kwa wiki moja, kwa kuwa majani yaliyozoea tyubu huungua yakikutana ghafla na jua la adhuhuri. Kisha huihamishia bustanini, na maua yake ya kwanza huyatolea huko.