Kongwa pana maisha, mkuu, ila karanga za kule zina masharti yake

Mkuu unasema umehamishiwa kazi Kongwa, huku Dodoma, watu wamekutisha vumbi na njaa, na unataka kujua kama karanga zinalipa. Mi nimekulia pale na mama yangu bado analima, ngoja nikwambie.

Vumbi lipo, kiangazi upepo ukianza hata sufuria ya maji unaifunika. Njaa ni mvua inavyoamua. Msimu ni mmoja tu, Desemba hivi mpaka mwezi wa nne, na katikati inaweza ikakata mahindi yakajikunja majani huku unaangalia, ndo maana wazee wa Kigogo hawaachi uwele na mtama hata uwacheke vipi.

Sasa karanga. Waingereza walishajaribu pale 1947, baada ya vita kwao mafuta ya kula shida, wakapanga kufyeka mamilioni ya ekari, Kongwa, Urambo na Nachingwea zikiwemo. Wakaleta matrekta yaliyochoka, mpaka vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta, mibuyu ikawatoa jasho. Ila kilichowamaliza zaidi ni udongo na mvua, ule udongo mvua ikikata jua likapiga unakuwa saruji na karanga zenyewe ziko chini humo. Januari 1951 wakafunga, paundi zaidi ya milioni 30 zimeenda.

Mama hana trekta. Majani yakianza unjano anachimbua kashina kamoja, anapasua ganda, akikuta ndani pameanza weusi anatuita wote kesho yake alfajiri, tunang'oa kwa mkono ardhi ikiwa bado na unyevu. Ukichelewa unabaki na majani mkononi. Kwa hiyo lima eneo ambalo watu wako wanaweza kulimaliza haraka, habari za ekari 50 za kusimamia kwa simu achana nazo.

Halafu hao wanaosema Kongwa hapana historia wananishangazaga. Kuanzia 1964 wapigania uhuru waliweka kambi pale, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, wengine wakazaa na dada zetu, na makaburi ya waliofia pale yapo mpaka leo. Wazee wanawakumbuka vizuri tu, ukikaa nao kwenye pombe watakusimulia mpaka usiku.

Soko ni Kibaigwa, barabara ya Dodoma Morogoro, mahindi, alizeti, karanga vyote vinashuka pale. Dalali akija shambani na gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, mkatalie, dai mzani. Na usiuze mara tu baada ya mavuno kama huna shida ya ada, bei inakuwa chini maana kila mtu anauza.

Shamba la kukodi tafuta mapema kabla ya mvua, muandikishane mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nyumba ya kupanga uliza kwanza maji yanatoka siku gani, mambo ya tailizi baadaye.